Pori Lisilo na Mtu

Watu waliosoma vitabu vyangu vidogo vya ndege na miti huniuliza ni nani aliyenipa moyo wa kutazama viumbe. Wanatarajia nimtaje babu fulani mpenda misitu, au padri mwema. Ukweli ni kwamba nilitumwa kupeleleza. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili katika shule ya misheni karibu na Mushaki, nina kaptula iliyopigwa pasi na Kifaransa cha kutosha kumwelewa mzungu hata anaponung'unika. Baba yangu na ndugu zake waliona kwamba hiyo ni silaha, na haifai kuachwa ipate kutu shuleni.

Mzungu mwenyewe alifika mwanzoni mwa miaka ya hamsini, na gari bovu lililojaa chupa. Alikuwa mrefu, goti lake moja halikunjiki vizuri, na alivaa kofia ambayo mama yangu asingeifunikia hata chungu. Tulikuwa tumezoea wazungu wa aina tatu. Wa misheni tulijua anataka nini. Wa serikali tulijua anataka nini. Wa shamba la pareto alitaka kilima chako. Huyu alisema anataka vyura. Aliposema hivyo mbele ya wazee hakuna aliyecheka, na kwetu watu wasipocheka neno kama hilo ujue limewatisha.

Akina mama walizitazama zile chupa. Siku zile kulikuwa na hadithi za mutumbula, yule mtu anayekamata watu njiani na kwenda kuwanenepesha mahali pasipojulikana, na hakuna aliyekuwa na hakika kwamba ni hadithi tu. Mama yangu aliipima kwa macho chupa iliyokuwa kubwa kuliko zote, akasema mtoto angeingia akikunjwa. Kwa muda mrefu baada ya hapo alipomuuzia mzungu maziwa alisimama mbali, akanyoosha mkono wote kumpa kibuyu.

Baba hakuogopa chupa. Aliogopa macho. Alisema mtu wa vyura angekaa mtoni, lakini huyu anapanda juu, anatazama mipaka, anauliza maji yanatoka wapi na njia hii inafika wapi. Mtu anayeuliza maji yanatoka wapi, alisema baba, anapanga kukaa.

Alikuwa na sababu. Juu ya nyumba zetu, kwenye njia ya kwenda Kirolirwe, palikuwa na miti mikubwa ya muvumu, ule wenye utomvu mweupe, ambao wazee wa zamani walikuwa wakitwanga gome lake kupata nguo. Babu wa baba yangu ndiye aliyejenga pale. Uzio wa boma lake ulikuwa wa vigingi vya muvumu, na kigingi cha muvumu hakikubali kufa. Ukikichoma ardhini kinatoa mizizi, halafu majani, halafu kinakusahau. Mzee alipofariki alizikwa ndani ya boma lake mwenyewe, na kwa desturi yetu jembe halikuingia tena pale. Ng'ombe waliruhusiwa, watoto waliruhusiwa, jembe hapana. Vigingi vikawa miti, miti ikagusana vichwa, kukaota ndevu za kuvu na maua ya mitini, na ndege wa mabawa mekundu wakahamia humo. Mtu wa kwetu akiuona ule mzunguko wa mivumu alijua mara moja kwamba hapa ni nyumbani kwa mtu. Mtu wa kwingine aliona msitu.

Na ndani ya msitu huo kulikuwa na siri. Miaka ile ya vita ya wazungu, ya arobaini, serikali ilikuwa inachukua ng'ombe wa watu kwa nyama ya askari, kwa bei iliyoipenda yenyewe. Baba alipeleka sehemu ya ng'ombe zetu ndani ya boma la babu yake, akaacha wawili tu nyumbani, wakondefu, wa kuonyesha wageni. Vita iliisha. Ng'ombe hawakurudi. Baba alisema serikali iliyozoea kula haiachi kwa sababu vita imeisha, na mpaka nilipokuwa mwalimu bado tulikuwa familia ya ng'ombe wawili mbele ya watu, na ya ng'ombe wengi nyuma ya mivumu.

Kwa hiyo ilipangwa niombe kazi ya kumtafsiria mzungu wakati wa likizo kubwa. Misheni ilikubali, mzungu akafurahi. Nilipewa maagizo mawili: nijue anatafuta nini hasa, na asijue kitu kuhusu boma.

Hakuchukua muda kufika huko. Tulipanda naye asubuhi yenye ukungu, baba akatufuata nyuma bila kuitwa. Ng'ombe walikuwa wameshapelekwa bondeni mapema. Mzungu aliingia chini ya mivumu, akavua kofia. Alizunguka kimya, akashika gome la mti huu na ule, kisha akauliza msitu huu ni wa nani, na kama watu walikaa humo zamani. Nilimgeukia baba ingawa jibu nililijua.

"Umuambie apa hakuna muntu," baba akasema. "Hata zamani hakukuwaka muntu. Ni pori ya Mungu tu."

Nikatafsiri. Nilitafsiri vizuri mno, nikatumia maneno ya Kifaransa niliyokuwa nimeyasoma katika kitabu cha jiografia. Mzungu alimtazama baba, akatazama chini, akaandika. Kisha akatoa mashine ya picha, akamwomba baba asimame kando ya muvumu mkubwa kuliko yote. Baba alikuwa hajawahi kupigwa picha. Aliufunga vizuri ukosi wa koti lake, akaweka mikono ubavuni kama anaapishwa, akatazama mbele. Niliona anajitahidi asitabasamu, na nilijua ni kwa nini: mti ule ulikuwa nguzo ya mlango wa babu yake.

Tangu siku hiyo nilifanya kazi mbili. Mchana nilimtafsiria mzungu, jioni nilimtafsiria baba yale niliyoyaona. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kuniharibikia, maana ili uweze kumpeleleza mtu anayetazama vyura inabidi na wewe utazame vyura. Alinionyesha mmoja mdogo kuliko ukucha, anayekaa ndani ya kikombe cha jani lenye maji, asiyeshuka ardhini maisha yake yote. Alinifundisha kukaa kimya mpaka ndege wasahau kwamba upo. Nilikuwa nimeishi kwenye kilima kile tangu kuzaliwa, na nilikuwa sijakiona. Nilikasirika. Niliona ni haya kuonyeshwa nyumba yangu na mgeni, na niliona raha, vyote pamoja, na sikumwambia baba habari ya raha.

Mzungu alikuwa anaandika vitabu. Aliniambia hiyo ndiyo kazi yake hasa, kwamba huko kwao alikuwa amesomea elimu ya viumbe, lakini wasomi wenzake walimdharau kwa sababu anaandika vitabu ambavyo hata mama muuza mboga anaweza kuvisoma. Alikuwa ametoa kimoja juu ya mabwawa na kingine juu ya popo. Alikula viazi vitamu vilivyochemshwa bila kitu kingine, akiwa amesimama, kwa sababu ya goti. Hakuwa na mke wala mtoto. Siku moja ya mvua, tukiwa ndani ya hema, akanisimulia utoto wake. Katika vita ya kwanza askari wa adui walikuwa wanapita vijijini kwao wakichukua mifugo. Mama yake alimwingiza ng'ombe wao wa pekee jikoni, akamfunga mdomo kwa kitambaa kila askari walipopita, na yeye mtoto akapewa kazi ya kuimba kwa sauti ili pumzi ya ng'ombe isisikike.

Nilicheka, kisha nikakikata kicheko. Kwa nini ananieleza habari ya ng'ombe aliyefichwa? Kati ya hadithi zote za utoto wa mtu, kwa nini hiyo? Nilimpelekea baba hadithi hiyo jioni ile ile, na yeye hakuwa na shaka hata kidogo.

"Ule anakutegea mutego," akasema. "Anatupa mahindi ili kuku ifike."

Mama akazidisha hofu kwa upande wake. Alikuwa ametambua, amechelewa, kwamba kila asubuhi alikuwa anamuuzia mzungu maziwa mazuri mengi, na jirani zetu pia wananunua, na ng'ombe wetu wawili wa kuonyesha walikuwa hawana maziwa ya kumlowesha hata paka. Mtu aliyekuja kutazama wanyama, akasema, atashindwaje kuliona hilo? Kuanzia kesho yake akapunguza kipimo na kusema ng'ombe wanaumwa. Mzungu akampa pole. Baada ya siku chache akaleta dawa ya ng'ombe kutoka Sake. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaizika nyuma ya nyumba.

Kabla likizo haijaisha mzungu alinichukua kwenda naye Walikale, chini kwenye msitu mkubwa, ambako jua linafika ardhini kwa vipande. Nilidhani huko angalau nitapumzika, maana siri zetu zilikuwa zimebaki mlimani. Lakini watu wa Walikale nao walikuwa na zao. Wakati wa vita walikuwa wameingizwa msituni kwa nguvu kutafuta mpira wa mitini, na walipomwona mzungu anafuata kwa macho kamba za mitini, zile zinazotoa mpira, waliamini kazi ya mpira inarudi. Kila kijiji tulichofika wazee walituapia kwamba kwao hakuna kamba, hakuna mto, hakuna njia, na mtu akipita upande ule anapotea. Mzungu akaandika tu. Usiku mmoja nilimuuliza kama anaamini yote anayoambiwa. Alinijibu kwamba watu huwa na sababu zao, na yeye hakuja kuzichimba. Wakati ule niliona hilo ni jibu la mjanja.

Aliondoka, mimi nikarudi darasani. Muda mrefu baadaye kikafika kitabu kwenye misheni, kimefungwa vizuri, kimeandikwa jina langu. Sitasema jina lake, kilikuwa kizuri. Nilikisoma chini ya mti wa shule, wanafunzi wakinisubiri, na kuna mahali nilipolengwa na machozi. Vyura wangu walikuwemo. Ndege wekundu walikuwemo. Ukungu wetu ulikuwemo, ule unaopanda kutoka bondeni kabla ya saa mbili. Sura moja nzima ilikuwa ya mivumu ya boma la babu, na aliieleza kuwa pori ambalo halijaguswa, mahali pasipo na mtu na ambapo hapajawahi kuwa na mtu. Na picha ya baba ilikuwemo, ukurasa mzima.

Nilikipeleka kitabu nyumbani. Hakuna sherehe niliyoiona kwetu iliyoizidi ile. Wazee walikuja, pombe ya ndizi ikatoka, nikasoma sura ile kwa Kifaransa kwanza ili waisikie sauti yake, kisha kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye maneno ya pasipo na mtu, baba alipiga goti lake akacheka mpaka akakohoa. Mzungu mwenye elimu yote ile ameandika kitabuni neno lile lile aliloambiwa. Ng'ombe wamepona. Aliomba nilisome tena, na tena. Kisha akataka kujua chini ya picha yake wameandika nini. Wameandika kwamba ni muvumu wa mwituni, na mtu amesimama kando yake ili msomaji aone urefu wa mti. Baba akaona hiyo ni heshima. Na mimi nikaona hivyo.

Halafu likaja lile baraza. Mwaka ule alitokea mzungu wa pareto aliyeutaka upande wa juu wa kilima, na serikali ilikuwa na utaratibu wake: kabla ya kumpa mtu ardhi, walikuja kuuliza kwanza kama ardhi hiyo ni tupu. Ardhi yenye shamba ilikuwa ya watu. Ardhi isiyo na shamba ilikuwa ya serikali. Waliweka meza kwenye uwanja wa chini, na mkubwa wa serikali akatuuliza ni nani ana haki juu ya msitu wa mivumu.

Baba alisimama. Alieleza habari ya babu yake, na kaburi, na uzio, na jembe lililokatazwa. Alieleza vizuri, na mimi nikatafsiri vizuri. Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kitabu. Nilikijua kabla hajakigeuza. Akatafuta ukurasa, akatusomea kwa Kiswahili chake kwamba pale hapana mtu, na zamani hapakuwa na mtu, na kwamba mwandishi aliambiwa hivyo na wenyeji wenyewe. Akamtazama baba, akatazama picha, akamtazama baba tena. Nadhani alimtambua. Akafunga kitabu.

Baba alitoka uwanjani, tukafikiri ameondoka, kumbe alikwenda kukata tawi la muvumu. Akarudi nalo, akalichonga ncha kwa panga mbele ya wote, akalipigilia ardhini pembeni ya meza ya serikali.

"Murudie kuliangalia," akasema. "Mutaona kama iko muti ya pori ao iko muti ya muntu."

Wale watu walikuwa na safari ya kwenda Kitshanga. Walikunja meza.

Mzungu wa pareto aliangusha mivumu karibu yote. Ng'ombe wetu ilibidi watoke mchana kweupe, na wengi tuliwauza haraka, kwa hasara. Lakini jambo lililonichoma kuliko yote lilikuja mvua zilipoanza. Yule mzungu alikuwa ameikata miti ile vipande, akavitumia kuwa nguzo za uzio wa shamba lake. Ilipofika msimu wa mvua nguzo zikachipuka. Zote. Boma la babu wa baba yangu likaota upya, kubwa mara nyingi kuliko lile la kwanza, na sisi tukiwa nje yake.

Nilikutana na mtu wa vyura mara moja tu tena, mwishoni mwa miaka ile, pale Sake, gari lake limefunguliwa kifuniko na yeye amesimama kando anakula kiazi. Alifurahi kuniona. Mimi sikufurahi. Nilikuwa nimeyabeba maneno yangu kwa muda mrefu, nikamwambia yote kwa Kifaransa kile kile alichokuwa anakisifu: kwamba alitupokonya kilima, kwamba alilipwa na watu wa pareto, kwamba vyura walikuwa kisingizio tangu siku ya kwanza. Alikiweka kiazi juu ya gari. Uso wake ulibadilika rangi, na nilijua hakuwa amesikia habari ya baraza lile. Alipojibu alijibu kwa Kiswahili alichojifunza tangu tuachane, sijui kwa nini.

"Ngombe nilibaona siku ya kwanza," alisema. "Mavi ilikuwa bado ya moto. Mulisema hakuna muntu. Nikafikiri: banaficha ngombe yabo, sawa na mama yangu. Basi nikaandika vile mulitaka."

Nilimwambia hakuna aliyemtaka aandike. Akasema ni kweli. Akasema alidhani akiandika kwamba watu wapo, serikali itakwenda kuwatafuta, na itawakuta na ng'ombe. Alitaka kuja nami kumwona baba, nikakataa. Nilimwacha pale, na kusema kweli nilitembea nusu ya njia nikimtafutia uongo katika maneno hayo na sikuupata. Nilikumbuka alivyotazama chini siku ile, kabla ya kuandika. Nilikumbuka dawa ya ng'ombe.

Baba nilimkuta amesimama kwenye uzio, upande wetu, mkono wake juu ya nguzo yenye majani. Alikuwa anakwenda pale karibu kila jioni. Nilimweleza neno kwa neno, habari ya mavi ya moto na ya mama wa mzungu. Alinisikiliza huku ananyofoa majani machanga moja moja.

"Na wewe, ulimuamini?" akauliza.

Nikasema ndiyo, nilimwamini.

Alilitupa jani alilokuwa nalo mkononi. "Basi usirudie tena kusema ile maneno apa nyumbani," alisema. "Kama iko kweli, ni kinywa yangu ndio iliuzisha kilima. Afazali yeye akuwe muntu wa uongo."

Sikulisema tena. Kila alipomtaja mzungu wa vyura alimwita mwongo, na mimi mwanawe, mwandishi wa vitabu vya viumbe, niliitikia. Tuliitikia wote nyumbani, hata mama, ambaye nadhani alijua. Baba alipofariki tulikwenda kuomba azikwe ndani ya uzio, na tukakataliwa. Tulimzika chini ya uzio, upande wa nje, kichwa kikielekea mivumu.